Mlimau wa Maranda

Nyumba mia na kumi na tatu nilizipima kwa mkono wangu. Hilo lijulikane kwanza, kabla mtu hajaniita fundi mzembe. Miezi miwili nilipita mlango kwa mlango na futi yangu ya kamba, nikapima kuta, madirisha, ngazi, vibaraza, mpaka mabanda ya kuku ya watu walionikodolea macho wakidhani nimetumwa na watu wa kodi. Nyumba ya mia na kumi na nne ni yangu. Hiyo sikuipima. Nyumba niliyozaliwa ndani yake, nipime nini? Kinyozi hajinyoi, wanasema, na mimi nilikuwa nikiucheka msemo huo kila nikimwona kinyozi wetu wa kona na kile kichaka chake cha nywele. Siku hizi simcheki tena.

Mtaa wetu ni wa mafundi tangu zamani. Uko mteremkoni, nyumba za mawe zimebanana, na chini kabisa kuna chemchemi. Maseremala, wahunzi, wafinyanzi, washonaji, kila mlango na kelele zake. Wageni walianza kuja wenyewe, hatukumwita mtu. Walikuwa wakisimama mlangoni wanakutazama unavyopiga randa, wanatabasamu, wanapiga picha, wanakwenda zao. Baadaye wakaja watu wengine wenye viatu vya kung'aa, wakataka kutuhamisha wajenge hoteli. Tukasema ng'o! Mtaa tutaupanga wenyewe, na mgeni akija atalala kwetu, atanunua kwetu, ataondoka atuache tulivyo.

Manispaa ikatuletea mtaalamu wa mipango, binti mmoja wa miwani, kila ukimwona ana ramani kwapani. Tukambatiza jina: Bibi Ramani. Alikuwa mtu safi, nisije nikamsingizia. Neno lake lilikuwa moja, kwamba mtaa usiomfaa mwenyeji hautamfaa mgeni. Mkutano wa kwanza alitundika ramani ukutani, na Mwenyekiti wetu wa mtaa akaisifu kwa dakika kumi nzima, mpaka mke wa mhunzi alipouliza kwa sauti, "Mbona chemchemi iko juu ya kilima?" Ramani ilikuwa imetundikwa miguu juu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi Ramani naye akacheka, kisha akanigeukia.

"Fundi, ramani hawaisomi. Unaweza kuutengeneza mtaa wenyewe? Kwa mbao, kila mtu aione nyumba yake?"

"Binti yangu," nikamwambia, "nipe miezi miwili."

Mita moja ya mtaa ikawa sentimita moja ya ubao. Nyumba nzima ikaenea kiganjani.

Sasa nikueleze habari za dada yangu, maana bila yeye hakuna hadithi. Nyuma ya nyumba yangu, uani, ndiko alikokaa dada yangu mkubwa. Mtaani walimwita Mama Cherehani. Ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita na yeye kumi na saba, akaacha shule akakaa kwenye cherehani. Randa yangu ya kwanza alininunulia yeye, kwa kushona sare za watoto wa watu msimu mzima. Ninayo mpaka leo. Imebadilishwa kisu mara nne lakini mwili ni uleule.

Aliolewa, na ndoa ikamshinda. Akarudi na sanduku moja na cherehani yake. Mimi wakati huo nilikuwa na mke na watoto wanne, nyumba imejaa pomoni. Nikamwambia, dada, hutalala sebuleni, nakujengea chumba. Uani palikuwa na mlimau wa baba, ule aliokuwa akikaa chini yake akinifundisha kunoa patasi. Niliukata mwenyewe. Chumba nikakimaliza kwa siku kumi na moja, mita tatu kwa nne, na dirisha nikalielekeza mashariki ili apate mwanga mzuri wa kutunga uzi sindanoni. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Mke wangu akatangulia mbele ya haki. Watoto wakatawanyika, kila mmoja na maisha yake. Nikabaki mimi na dada. Nikamwambia ahamie ndani, vyumba vitupu vimejaa vumbi, akakataa. "Ndani ni kwako, mdogo wangu. Huku ndiko kwangu." Basi kila asubuhi nilikuwa nafungua dirisha la jikoni naita, "Dada! Chai iko wapi?" Naye anajibu kutoka chumbani kwake, "Iko kwenye birika! Ulitaka ikufuate kitandani?" Miaka nenda, miaka rudi, maneno yaleyale, na hatukuyachoka.

Nyumba yangu niliiacha ya mwisho, kama mtoto anavyoacha kipande cha nyama mwisho wa sahani. Kwa hizo nyingine nilikuwa na daftari la vipimo. Kwa hii nilikaa tu, nikashika randa ya dada, nikafanya. Mikono ilikwenda yenyewe. Nikatengeneza kibaraza cha baba. Nikatengeneza meza yake ya kazi, ndogo kuliko ukucha, na jiliwa yake ya kubania mbao pembeni. Kisha uani nikasimamisha mlimau. Shina nililifanya kwa kijiti, na majani kwa maranda membamba niliyoyapaka rangi ya kijani, yamejikunja vizuri kama yalivyotoka kwenye randa. Nilipoubandika na gundi, machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nilimwona baba. Nilimwona yeye tu.

Tuliuweka mtaa wa mbao kwenye ghala la zamani, juu ya meza nne zilizounganishwa. Utaratibu ulikuwa siku tatu za ukaguzi: kila mwenye nyumba aje, aitazame nyumba yake, kama kuna kosa aseme, kama hakuna atie sahihi. Na tuliweka sheria, tena kali. Kule mtaa wa pili watu waliongeza vyumba vya wageni kila uchochoro, kama uyoga, mpaka vyoo vikafurika na maji yakakauka mabombani. Sisi tukasema, chumba kisichokuwamo kwenye mbao baada ya siku tatu ni chumba cha hila, na kitavunjwa. Aliyesimama akalipigia kelele jambo hilo kuliko wote ni mimi. "Bila huruma!" nilisema. "Hata kama ni cha ndugu yangu!" Watu wakapiga makofi.

Watu walikuja, nakwambia, kama wamekwenda kutazama mtoto mchanga. Mfinyanzi alisema dirisha lake liko upande wa pili, nikamrekebishia palepale. Bibi kizee mmoja alikibeba kijumba chake mkononi na hakutaka kukirudisha. Nyumba yangu niliitilia sahihi mimi mwenyewe, bila kuinama, huku nikizungumza na mtu.

"Dada, hutakwenda kuona?" nilimuuliza jioni ya siku ya pili.

Alikuwa anapinda suruali ya mteja, pini mdomoni. Akazitoa. "Umeujenga wewe, nikakague nini?" akasema, akacheka.

Wiki moja baadaye ukaitishwa mkutano wa kuchora njia ya wageni, kutoka juu ya mtaa mpaka chemchemi. Bibi Ramani akaniomba uzi wa rangi, auzungushe kwenye mbao kila mtu aone njia inapopita. Nikaenda kwa dada.

"Dada, una uzi mwekundu?"

"Wa nini?"

"Wa njia ya wageni."

Alifungua mtoto wa meza, akanipa kibunda kizima, hakijaanzwa. "Utatosha?" akauliza.

"Utatosha na kubaki."

"Ukipungua njoo nikupe mwingine," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nikaondoka napiga mluzi.

Ghalani watu walijaa mpaka mlangoni. Bibi Ramani alianza na uzi kwa mfinyanzi, akashuka nao kwa wahunzi, akapita mbele ya karakana yangu. Hapo akasimama. Kufika chemchemini zilibaki njia mbili. Moja ilizunguka nyuma ya ghala, ndefu, ina ngazi ambazo wazee hawaziwezi. Ya pili ilikatiza uani kwangu.

"Fundi, uani kwako naona pako wazi, tena pana kivuli. Wageni wangepumzika hapo, na wazee wetu wangepata njia isiyo na ngazi. Utatukubalia?"

Kichwa kilikuwa kimenivimba, niseme kweli. Wiki nzima nilikuwa nasifiwa. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama waziri. "Ua wangu ni wa mtaa!"

Makofi yakalia. Yalilia, lakini siyo yote. Nakumbuka sasa kwamba mke wa mhunzi hakupiga, alikuwa anatazama chini. Bibi Ramani akaupitisha uzi, akauzungusha kwenye mlimau ili usiteleze. Nami nikainama kumsaidia kufunga fundo, na ndipo nilipouona ule mti. Mlimau. Mlimau nilioukata kwa mkono wangu miaka kumi na tisa iliyopita, umesimama pale pale palipokuwa na kitanda cha dada yangu.

Kiganja changu kilikuwa juu ya ua wa mbao, na chumba hakikuwamo. Si kwamba gundi iliachia, wala hakikudondoka. Sikukitengeneza kabisa.

"Kuna mwenye neno?" Mwenyekiti akauliza. "Aseme sasa. Asiyekuwepo na lake halipo."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Mhunzi akanipiga kofi la mgongo, "Fundi, umetutoa kimasomaso!", na Bibi Ramani akanitazama kwa macho ya mtoto anayejivunia babu yake. Nikaufunga mdomo. Nikajiambia nitamwona kesho, pembeni, nimnong'oneze. Hakuna haja ya kujiaibisha mbele ya mtaa mzima, fundi mkuu, mwenye sheria yake ya bila huruma, amesahau chumba alichojenga mwenyewe.

Kesho yake Bibi Ramani alikuwa manispaa. Kesho kutwa nilikuwa na kabati la mteja. Baada ya hapo ikawa kila nikivaa viatu, nazikumbuka zile sifa, navua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ni fundi, gundi ninayo, ufa nauona, na nilikaa nikautazama wiki tano.

Nyumbani chai ilikuwa inakuja. Lakini nilipoita dirishani, "Dada, chai iko wapi?", jibu lilikuwa, "Inakuja." Basi. Hakuna utani. Cherehani nayo ikawa inalia kidogo kidogo. Alikuwa anamaliza nguo za wateja na hapokei mpya. Nilidhani macho yanamsumbua, umri huo. Na niseme neno la aibu: nilifurahia ule ukimya wake, maana asipozungumza, na mimi silazimiki kuzungumza.

Wapimaji walikuja asubuhi ya Jumanne, watu wawili, na vigingi na nyundo. Mimi nilikuwa karakana ya mbele. Nilisikia ngo, ngo, ngo, nikajua sauti inatoka wapi. Nikatoka mbio na maranda kwenye nywele.

Kigingi kilikuwa kimeshasimama mbele ya mlango wake. Mpimaji mmoja ana karatasi mkononi, anamuuliza kwa heshima zote, "Mama, chumba hiki hakimo kwenye mpango. Kimejengwa lini?"

"Najua hakimo," dada akasema. "Nyie endeleeni na kazi yenu."

Niliwaambia watuache kidogo. Wakaenda kuvuta sigara nje. Nikaingia chumbani kwake. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, imefungwa kamba. Sanduku lilelile la miaka kumi na tisa lilikuwa wazi juu ya kitanda, limejaa nusu, nguo zimekunjwa kwa ustadi wake ule.

"Dada, unafanya nini?"

"Nafungasha. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe, lakini naona umewatuma hawa."

"Sikumtuma mtu! Dada, sikiliza. Nilisahau."

Akasimama na blauzi mkononi. "Umesemaje?"

"Nilisahau. Nilipotengeneza nyumba yetu, nilisahau chumba chako. Haki ya Mungu, sikukusudia. Nilikuja kugundua siku ya uzi, nikaona haya kusema. Ni upumbavu wangu, dada, nipige ukitaka."

Akakaa kitandani, taratibu.

"Nilikwenda kuuona mtaa wako," akasema. "Siku ya tatu. Nilikwenda mchana watu wamekwenda kula, nisiwe kwenye msongamano. Nikakiona kibaraza cha baba. Nikaiona meza yake, na ile jiliwa, nikacheka peke yangu. Nikasema mdogo wangu huyu ana mikono! Kisha nikajitafuta." Akainyoosha blauzi mapajani. "Nikazunguka meza yote. Nikainama, nikatazama chini ya meza, nikadhani labda kimedondoka. Nilipiga magoti, na magoti yangu unayajua. Nilipapasa sakafu yote."

"Dada."

"Ngoja. Nikarudi, nikasema basi, mdogo wangu anautaka ua wa baba yake, na ana haya ya kuniambia. Mtu ana haki ya ua wa baba yake. Nikakusamehe siku ileile. Ulipokuja kuniomba uzi, nikasema sasa ataniambia. Hukuniambia. Nikasema bado ana haya. Wiki tano nakuletea chai na nimeshakusamehe." Aliinua macho, akanitazama, na hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. "Kumbe hukuwa unanifukuza."

"Nikufukuze wewe? Nitakufukuzaje wewe!"

"Kumbe hukuniona tu. Hilo, mdogo wangu, sikujiandaa kulisamehe."

Nilitoka pale sijui nimevaa nini. Nilimkuta Bibi Ramani ghalani, nikamwambia kila kitu nimesimama, mbele ya Mwenyekiti na mke wa mhunzi, sikuchagua pembeni tena. Alivua miwani.

"Fundi, kwa nini hukusema? Njia inapindishwa! Ni karatasi moja na kikao kimoja. Ungeniambia siku ileile ningeusogeza uzi kwa kidole."

Nikamgeukia Mwenyekiti. "Na nyie? Nyie mnamjua dada yangu! Suruali uliyovaa kapinda yeye! Mliuona ua hauna chumba, mbona mlinyamaza?"

Mwenyekiti akatazama suruali yake. "Fundi, tulidhani mmeshakubaliana. Mambo ya dada na kaka, nani ataingilia? Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake."

"Mimi nilimuuliza," mke wa mhunzi akasema polepole. "Nilimuuliza Mama Cherehani mwenyewe, siku ile ya uzi, jioni. Alisema, 'Ndiyo, tumekubaliana.' Alikuficha aibu."

Kikao kilikaa Alhamisi. Nilisimama, nikasema kosa ni langu, na sheria ya bila huruma niliitunga mimi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hakuna aliyebisha. Mikono yote ilipanda. Njia ikapindishwa, ikakwepa chumba cha dada, ikabanana na ukuta wangu wa jikoni ambao nilisema uvunjwe wote kama wanataka. Bibi Ramani akaandika, akapiga muhuri, akanipa nakala. Nilikimbia na karatasi ile kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Dada alikuwa amekaa juu ya sanduku. Mkokoteni ulikuwa unamngoja nje. Alichukua karatasi, akaisoma yote, alikuwa msomaji mzuri yule ingawa shule aliiacha kwa ajili yangu. Akaikunja mara mbili.

"Umefanya vizuri," akasema.

"Basi fungua mizigo. Nitakusaidia. Cherehani nairudisha dirishani sasa hivi."

"Hapana, mdogo wangu."

"Hapana nini? Chumba kipo! Kimeandikwa, kina muhuri!"

"Chumba kipo, nimeona." Akanishika mkono, huu wa kulia, akaugeuza akatazama kiganja. "Mimi ningekaa popote na wewe, hata sebuleni. Lakini nikibaki sasa, kila asubuhi ukiniita dirishani nitajiuliza, leo amenikumbuka mimi, au amekumbuka chai? Sitaki kuwa mtu wa kujiuliza hivyo. Nimezeeka."

Nililia. Mzee mzima, mjukuu ninaye, nililia na kamasi. Nilimwambia nitampikia chai mimi, kila siku, mpaka nife. Alicheka kidogo, akanifuta uso na upindo wa kanga yake kama alivyonifuta nilipokuwa na miaka sita. Lakini alisimama. Cherehani hakukubali mwenye mkokoteni aiguse, aliniachia mimi niibebe mpaka kona ya mtaa. Ni nzito, ile. Sikujua uzito wake, maana siku alipokuja nayo aliibeba mwenyewe.

Alikwenda kwa shoga yake waliyejifunza naye ushonaji, upande wa pili wa mji, wanapanga chumba pamoja. Mimi huenda kwake kila Jumapili. Ananipokea vizuri mno, na hapo ndipo panaponiua. Ananifutia kiti. Ananiletea chai kwenye kikombe na kisahani chake, vile vikombe vya watu wa heshima, ananiuliza safari ilikuwaje. Nikimtania hucheka kwa adabu. Nimemwomba mara nyingi arudi. Anasema, "Tutaona," na shoga yake anatazama pembeni.

Mtaa wetu unakwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Mifereji imejengwa, taa zinawaka, wafinyanzi hawahangaiki tena kutafuta soko. Wageni wanalala majumbani mwetu, wanaondoka wakishukuru. Hoteli haikujengwa. Miji mingine inaleta watu wake kuja kujifunza kwetu, na kitu cha kwanza wanachoonyeshwa ni mtaa wa mbao. Nilikitengeneza chumba, sentimita tatu kwa nne, kidogo kuliko kiberiti, na dirisha lake mashariki. Hicho nilikipima. Nilipima mara tatu, nikiwa nimepiga magoti ndani ya chumba kitupu, na kona moja nikaokota pini yake. Mlimau niliung'oa. Lakini gundi yangu ni gundi, iliacha doa, na chumba kimekaa juu yake.

Chumba chenyewe nakifagia kila siku. Sikukipangisha. Mwenyekiti alisema kingefaa kwa wageni wawili, nikamtazama, hakurudia tena. Njia ya mawe inashuka imenyooka kutoka juu, ikifika kwangu inajikunja ghafla, inakaribia kugonga ukuta wa jikoni, kisha inanyooka tena kwenda chemchemini. Kila mgeni hujikwaa hapo kidogo. Kila mgeni huuliza.

"Mzee, kwa nini njia imepinda hapa?"

Nami huwa naiweka randa chini, nafuta mikono.

"Hapa anakaa dada yangu," nawaambia. "Ametoka kidogo."